Sikuomba kazi, nilikaa tu nikauliza: yaliyonikuta kwenye mashine ya kusaga ya Katandala enzi za Ujamaa

Wakuu, nawasalimu wote mliomo humu. Walionizidi umri, kama bado wapo wanaoweza kusoma maandishi haya madogo, shikamooni.

Ninayoandika yalinipata mimi mwenyewe. Sina haja ya kutia chumvi, na hata daktari ameshanikataza.

Nimesoma nyuzi nyingi hapa za vijana wanaosema kazi ni koneksheni tu. Juzi binti wa mdogo wangu karudi kutoka semina, akanieleza kitu kipya walichofundishwa. Unamfuata mtu aliye kwenye kazi unayoitamani. Humwombi kazi. Unamwuliza kazi yake ikoje, aliingiaje, nini kinamsumbua, na mwisho unamwuliza ni nani mwingine unaweza kwenda kuzungumza naye.

Akasema ni utaalamu kutoka nje.

Nilimsikiliza mpaka mwisho, kisha nikamwambia kuwa utaalamu huo ndio uliomlea mama yake. Hakuniamini. Ndiyo sababu ya uzi huu.

Mimi ni wa Kasense, jirani na mji wa Sumbawanga. Mama alitangulia, na baba akafuata kabla hatujazoea. Nilikuwa darasa la sita na ndiye mkubwa. Nyuma yangu kulikuwa na Anastazia, halafu Deusi, halafu Veneranda ambaye bado alikuwa akibebwa mgongoni.

Shule niliacha siku tuliyotoka makaburini. Hakuna aliyeniambia niache. Niliangalia nani atapika jioni ile, nikaona ni mimi.

Baada ya matanga ukoo ulikaa. Msemaji alikuwa baba mdogo Leonsi, na nataka niseme mapema kuwa hakuwa mtu mbaya. Nyumba yake ilikuwa imejaa watoto mpaka wengine walikuwa wanalala jikoni. Alisema Deusi aende kwa mjomba wetu Wampembe, ziwani, akajifunze kuvua. Anastazia aende Mbeya kwenye nyumba ya mtumishi mmoja wa serikali akalee watoto. Veneranda achukuliwe na shangazi.

Nikauliza, na mimi?

"Wewe ni mwanaume, utajua," akasema.

Nikasema sikubali. Tukitawanyika namna ile hatutakutana tena ila kwenye misiba, na misiba tulikuwa tumeshaichoka.

Wazee wakacheka kidogo. Baba mdogo hakucheka. Akaniambia, "Gaude, huruma haichemshi chungu. Tutavuna ulezi, tutakaa tena hapa. Ukiwa una kazi inayoeleweka, wadogo zako ni wako. Ukiwa huna, kila mtoto atashika njia yake na usinililie."

"Kazi inayoeleweka ni ipi, baba?"

"Ni ile ambayo mtu akiniuliza unafanya nini, namjibu kwa neno moja."

Nikasema nalima. Akasema kila mtu analima, hilo si jibu.

Basi nikaanza kwenda mjini. Mkoa wetu ulikuwa bado mchanga, ofisi zinafunguliwa na watumishi wanaletwa, wengi kutoka upande wa Mbeya. Ungedhani kazi zimejaa. Nilikuwa nabisha hodi, nasema naomba kazi, najibiwa hakuna nafasi. Nilijibiwa hivyo mara nyingi mpaka nikadhani ndiyo salamu ya mjini. Kuna mlango mmoja walinijibu kabla sijamaliza hodi.

Kuna mdau ameshauliza hapo chini kwa nini sikurudi shule nikaingia sekondari. Mdau, soma tena kuanzia juu, taratibu.

Naendelea.

Usiku nilikuwa nafikiri nimekosea wapi, nikaona kosa ni langu. Mama alitufundisha vizuri, ila nilikuwa nimesahau kwa sababu ya haraka. Kwetu mgeni akifika anachuchumaa, anapiga makofi polepole, anaulizwa habari za nyumbani, za shamba na za njiani. Kisha anakaa. Hasemi kilichomleta, na mwenyeji haulizi. Mpaka mgeni apewe kitu cha kutia mdomoni, hata kiazi kimoja, ndipo anasema nimekuja na neno. Ukitaja shida yako kabla hujala, umewaambia wenye nyumba kuwa hawana adabu.

Na mimi nilikuwa nataja shida yangu mlangoni, nimesimama. Nikasema ndiyo maana wananifukuza.

Nikaamua kuanzia siku ile nitafanya kama nilivyolelewa.

Mahali pa kwanza nilipofanya hivyo ni kwenye mashine ya kusaga ya Katandala, pale pale mjini. Niliichagua kwa sababu ndiyo ofisi pekee niliyoijua kwa ndani, maana tulikuwa tunapeleka mahindi pale. Mwendeshaji alikuwa mzee mmoja wa Tukuyu, Mzee Ambokile. Mwembamba, mweupe kwa unga kuanzia nyusi mpaka viatu, na sikio lake la kushoto lilikuwa limeshaharibiwa na injini.

Nilifika, nikachuchumaa, nikapiga makofi.

Akanitazama. "Mkutano uko wapi?"

"Hakuna mkutano, mzee. Shikamoo."

"Marahaba. Umeleta mahindi?"

"Hapana."

"Ulezi?"

"Hapana, mzee. Nimekuja kuwasalimu."

"Haya. Umeshasalimu."

Nikakaa kwenye gogo karibu na mlango, nikasubiri chakula.

Chakula hakikuja. Mchana mkewe alimletea bakuli, akala nyuma ya injini. Si uchoyo, wakuu. Alidhani nimeshiba, kwa sababu mtu asiye na mzigo na asiye na haraka kwa kawaida huwa ameshiba. Mimi nikaona hajamaliza kunikaribisha, basi siwezi kusema neno langu. Jioni nikaaga, nikarudi Kasense. Kesho yake nikaenda tena.

Sasa mtu huwezi kukaa kimya kwenye gogo mchana kutwa, ni utovu wa adabu pia. Nikaanza kuuliza mambo ya pale pale.

"Mzee, mkanda ukilegea unajuaje?"

Alinitazama kwa muda mrefu. Kisha akanijibu, na akajibu vizuri kweli. Akasema sikiliza, mkanda uliolegea unapiga kofi kila ukizunguka.

Nikauliza kwa nini unga wa mama fulani umetoka wa moto. Akasema chekeche limeziba au nyundo za ndani zimelika, njoo uone. Akasimamisha mashine, akafungua, akanionyesha nyundo moja moja. Wanawake kwenye foleni wakanung'unika. Akawaambia, "Tulieni, nina kazi na ndugu huyu."

Hapo ndipo aliponiita ndugu. Mimi nilikuwa sina hata ndevu.

Vijana wa leo hamtaelewa, ngoja nifafanue. Miaka ile kila aliyefika mahali alikuwa anaomba kitu: sukari, sabuni, kipande cha kanga, kuruka foleni. Mtu aliyekuja, akakaa, akauliza maswali, asiombe chochote, alikuwa mtu wa kuogopwa. Kulikuwa na wakaguzi waliopita kimya kimya kuona nani anafanya kazi ya umma sawasawa na nani anajipendelea. Mzee Ambokile alikuwa ameshaamua kuwa mimi ni mmoja wao.

Mimi sikulijua hilo. Niliona tu kuwa ni mwalimu mzuri sana.

Kila nilichouliza alinieleza mpaka mwisho, ili ionekane hafichi kitu. Alinionyesha anavyochuja dizeli kwa kitambaa. Alinionyesha hendeli ya kuwashia, na namna ya kuishika bila kuizungushia kidole gumba, kwa sababu injini ikirudisha teke kidole kinabaki pale. Alinionyesha kidude cha juu cha kuipumzisha injini wakati wa kuizungusha, na lini ukiachie. Siku moja alinipa hendeli mwenyewe niwashe, akasimama pembeni mikono nyuma kama mtu anayepigwa picha.

"Umeridhika, ndugu?"

"Nimeridhika, mzee."

"Utaandika kuwa umeridhika?"

Nikasema kuandika najua. Niliona ni swali la ajabu kidogo, lakini watu wa mbali wana namna zao.

Chakula bado.

Mwishoni nikauliza swali ambalo binti yetu anasema ndilo kubwa kuliko yote. Nikasema, "Mzee, ni nani mwingine anayeijua kazi hii, nikamwulize?"

Uso wake ukafunguka. "Nenda kwa Fundi Selemani," akasema haraka. "Yeye ndiye anayezitengeneza zikiharibika. Huyo ana mambo mengi ya kuulizwa. Kaa kwake hata mwezi."

Fundi Selemani alikuwa mtu wa ziwani, kwao Wampembe hasa, aliyepanda huku juu kutengeneza injini. Alikuwa na kibanda cha mabati, na siku nilipofika alikuwa amelala chini ya trekta, miguu tu ndiyo inaonekana. Nikachuchumaa, nikaipigia miguu makofi.

"Nani anashangilia?" ikasema sauti kutoka chini.

"Ni mimi, fundi. Natoka kwa Mzee Ambokile."

Akatoka, akanitazama kuanzia kichwani, akaishia miguuni. Akaanza kucheka.

"Wewe ndiye mkaguzi? Ambokile kaniambia mkaguzi anakuja, nifiche bangi. Mimi sina bangi, na wewe huna viatu. Umeona wapi mkaguzi hana viatu?"

Nikasema sijui habari za ukaguzi.

"Umekula?"

Wakuu, swali hilo nilikuwa nimelisubiri tangu ulezi ukiwa kijani. Nikasema sijala. Akapakua ugali na migebuka, samaki wa kwao ziwani, tukala kwa mikono ile ile yenye grisi. Nilipomaliza nikanawa, nikakaa vizuri, nikasema, "Fundi, nimekuja na neno."

Nikamweleza yote. Ukoo, kikao, neno moja la baba mdogo, Anastazia, Veneranda, na Deusi kwenda Wampembe kwa mjomba.

Aliposikia jina la mjomba akaacha kutafuna.

"Namfahamu. Mtu mzuri sana," akasema. "Mtumbwi wake ndio mbaya."

Kisha akaongeza, "Watoto wa huku juu maji wanayajua ya kunywa tu. Mwache mdogo wako hapa."

"Ndiyo nataka, fundi."

"Sasa siku zote hizo kwa Ambokile, mbona hukumwambia unatafuta kazi?"

"Hakunipa chakula."

Alicheka mpaka akashika tairi. Kisha akaniambia jambo ambalo ningelipa karo ili kulijua. Akasema mashine ya kijiji chetu cha Kasense ipo, ameiona kwenye bohari mjini, inangoja tu chumba kipauliwe. Na hakuna mtu Kasense anayejua kuiwasha. Mpango ni kupeleka vijana kozi mbali, na mpaka warudi itakaa imefungwa.

"Usiombe," akaniambia. "Ukimwomba mtu kazi unamtwisha mzigo, atautua tu. Mwulize kazi yake, umempa kiti. Rudi kwa Ambokile, kaulize yaliyobaki. Kamwulize habari ya baridi."

"Nimwambie mimi si mkaguzi?"

"Kwani yeye amekwambia kuwa wewe ni mkaguzi?"

"Hapana."

"Basi."

Nikarudi Katandala. Mzee Ambokile aliponiona akakaa chini. Nikamwuliza habari ya baridi, akaeleza kwa sauti ya mtu aliyechoka. Asubuhi za Juni na Julai injini haishiki, dizeli imekuwa nzito. Wasiojua wanazungusha hendeli mpaka wanaumwa kifua. "Injini ni kama mzee," akasema. "Usimwamshe kwa nguvu. Mpe maji ya moto kwanza." Unayamwaga kwenye pipa la kupozea, unangoja chuma kipate joto, ndipo unazungusha.

Nilimshukuru. Akauliza kama nitarudi. Nikasema labda. Akafumba macho.

Ulezi ukavunwa.

Baba mdogo hakuwa amesahau. Alipata lori la kuteremka ziwani, akaja kutuambia siku. Anastazia alifua nguo za Deusi, moja shati na moja kaptula, akazifunga kwenye kitambaa cha marehemu mama. Deusi alikuwa anauliza kila mara kama ziwa lina ukingo upande wa pili. Nikamwambia lina, ila ni nchi nyingine. Hilo halikumsaidia.

Siku ile ile ya lori, asubuhi, kijiji kiliitwa kwenye mashine mpya. Baridi ilikuwa kali, kila mtu kajifunga shuka mpaka masikioni. Mwenyekiti alisema mashine imefika, tunashukuru, lakini itafungwa mpaka vijana watakaochaguliwa waende kozi. Ameitwa mtaalamu kutoka Katandala aje tu kuithibitisha kuwa nzima.

Mtaalamu alikuwa Mzee Ambokile. Hakuniona, nilikuwa nyuma nimembeba Veneranda.

Nilimkabidhi Anastazia mtoto, nikasimama.

"Ndugu Mwenyekiti," nikasema.

"Kaa chini, Gaude," akasema baba mdogo Leonsi. "Usitutie aibu. Lori linakuja."

Mzee Ambokile akageuka. Akaniona. Akavua kofia.

"Ndugu Mwenyekiti," akasema polepole, "mkaguzi amesimama. Mbona anaambiwa akae?"

"Mkaguzi yupi?"

"Huyu."

Kijiji kizima kikanitazama. Mwanamke mmoja akasema, "Huyo? Huyo si Gaudensi wa marehemu? Jana kanikopa chumvi."

Sijui kama mmewahi kuona mtu akielewa jambo polepole. Kwa Mzee Ambokile ilianzia kwenye nyusi.

"Hakutumwa na mtu?" akauliza.

"Nani amtume huyo?" akajibu baba mdogo.

Mwenyekiti akauliza, "Kwani anaijua mashine?"

Mzee Ambokile alikuwa amekasirika sana, na hasira ilimfanya aseme kweli yote. "Anaijua? Nimemfungulia kila nati! Kuna mambo sikumfundisha hata mtoto wangu, huyu nimemfundisha! Mpeni hendeli. Mpeni, nione kama alikuwa anasikiliza."

Watu wakacheka. Nilipewa hendeli.

Nilizungusha mara moja, chuma kikakataa. Watu wakaanza kusema aah. Nikaiweka chini. Nikamwambia Anastazia akimbie nyumbani alete chungu cha maji ya moto, yale aliyoyachemsha kwa ajili ya Deusi kuoga kabla ya safari.

Akaondoka mbio. Tukangoja. Baba mdogo alikuwa anatazama barabara. Mzee Ambokile alikuwa ananitazama mimi, na hasira ilikuwa inapungua usoni bila ruhusa yake.

Maji yakaja. Nikayamwaga kwenye pipa, nikaweka kiganja kwenye chuma, nikangoja. Mtu akasema, "Anaipapasa kama ng'ombe." Nikaangalia kidole gumba kiko wapi. Nikazungusha, nikaachia kidude cha juu.

Ikakohoa, ikakaa kimya. Ikakohoa tena. Kisha ikashika, na moshi ukawafunika viongozi wote.

Mama wa kwanza alikuwa ameshaleta ndoo yake ya ulezi, basi kabla ya kuvisha mkanda nikatoa chekeche la mahindi, nikaweka lenye matundu madogo. Unga ukatoka. Mzee Ambokile akauchota, akausikiliza kwa vidole. "Haujaungua," akasema. Hicho ndicho cheti nilicho nacho mpaka leo.

Lori lilikuja katikati ya kelele zile. Dereva akapiga honi. Baba mdogo akaenda kuzungumza naye, sikusikia walichosema kwa sababu ya injini. Niliona tu dereva anauliza kitu akininyooshea kidole, na baba mdogo anajibu kwa neno moja.

Lori likaondoka. Deusi alikuwa bado amekaa juu ya kifurushi chake.

Alikaa hapo mpaka jioni, hakuamini. Hakuoga pia, maana maji yake yalikuwa kwenye injini.

Nilisaga unga Kasense miaka mingi. Anastazia alisoma akawa nesi, huyo ndiye mama wa binti wa semina. Deusi mpaka leo hajaliona ziwa, anasema hana shida nalo. Veneranda anafanya biashara Mbeya, alikwenda kwa miguu yake mwenyewe alipotaka.

Mzee Ambokile aliniita Mkaguzi mpaka mwisho wa maisha yake. Baada ya msimu ule alinialika kwake Katandala. Mtu fulani, nadhani Fundi Selemani, alikuwa amemweleza desturi yetu. Nikachuchumaa, nikapiga makofi, safari hii naye akapiga. Mkewe akaleta ndizi na maharage, tukala bila kusema neno. Nikanawa. Akasubiri nikae vizuri.

"Haya, Mkaguzi," akasema. "Umekula. Sasa sema shida yako."

Nikatafuta. Nikamwambia, mzee, haipo tena.

Basi wakuu, nilichojifunza ni kidogo. Mtu akiwa kazini kwake anajua mambo mengi ambayo hakuna anayemwuliza. Kaa naye, uliza la pale pale linaloonekana, sikiliza mpaka amalize, kisha uliza nani mwingine. Usiende mara moja ukakata tamaa. Na ukipata jibu, kaweke mkono kwenye chuma uone kama ni kweli.

La kukaa bila kusema wewe ni nani silipendekezi. Mimi liliniendea vizuri kwa sababu sikuwa na viatu.

Waliowahi kupata kazi kwa kuuliza, au waliowahi kudhaniwa wakaguzi, waandike hapo chini nasi tujue. Na walio na shida pia waseme tu. Humu hakuna anayepika, hakuna haja ya kusubiri mle kwanza.